Tara Uliyoniachia Kwenye Simu

Mama Chebet,

Jumamosi uliniuliza swali, nikakujibu upuuzi, ukasema, "Haya basi, tara," simu ikakatika. Leo ni Jumatano na mimi sijatulia tangu siku hiyo. Naketi, nainuka. Naenda kwa ng'ombe, nafika, nasahau nilichoendea. Jana nimechemsha chai mara tatu na zote zimepoa mezani nikizitazama. Mama yangu, Kogo wenu, ameniuliza kama nina minyoo.

Swali lako halikuwa gumu. Ulisema mkataba wako wa kutunza wazee huko Birmingham unaisha, na wenye makao wanataka jibu Ijumaa hii: utie sahihi ya miaka mitatu mingine ama urudi nyumbani. Ukanyamaza kidogo. Nikasikia maji yakitiririka huko kwako, nadhani ulikuwa unaosha vyombo. Kisha ukauliza, "Wewe unasemaje?" Na mimi, mwanamume mzima, mwandishi wa matangazo ya kanisa, mtu wa kusimama mbele ya watu kila Jumapili bila kutetemeka, nikasema, "Amua mwenyewe." Halafu nikaanza kukueleza habari za ndama.

Ndama! Haki ya Mungu, sijui ni nini huniingia.

Kwa hivyo nakuandikia, na naandika wazi. Chebet ataichapa barua hii kwenye simu aiweke kwenye ile grupu ya familia, ile iliyojaa picha zako za uwanja wa ndege. Wajomba waisome, mashangazi waisome, na wale wa Sotik wasiojua kunyamaza waisome pia, waanze kupigiana simu. Nina sababu ya kutaka isomwe na watu wengi. Ukivumilia utaiona.

Ngoja nianze na hiyo tara, maana ndiyo iliyoanza kuninyima usingizi.

Mwanzoni tulikuwa tunaagana kwa simu vile tumeagana siku zote. Ulikuwa unasema "saisere," nami nasema "saisere," tunangojeana nani atakata kwanza, tunacheka. Mwezi wako wa tatu hivi huko, Jumapili moja, ukaniambia habari zako zote za kazi, ukamsalimu Kogo, halafu mwisho ukasema, "Tara." Hivyo tu. Nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Nikamwita Chebet.

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema bye, Baba."

"Bye naijua. Hii ni ingine."

Akaitafuta. Akanisomea kwamba ni neno la mitaani la Waingereza la kuagana, watu wa kaskazini yao wanalitumia sana, na watu wa katikati ya nchi, na wa Wales, lakini wale wa kusini wengi hawana habari nalo. Nikamwuliza, je, mtu akisema hivyo anarudi ama harudi? Akaniangalia na yale macho yako. "Hapo hawajaandika, Baba."

Cheka tu. Najua unacheka. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba ya kuagwa na wewe. Nilijua unavyoaga ukiwa na haraka, unavyoaga ukiwa umekasirika, unavyoaga mbele ya mama yangu. Sasa ukaja na kuaga kwingine ambako sikukufundisha mimi na hukufundishwa hapa. Nikajua una watu wengine unaowaaga kila siku, na umewazoea hadi ulimi wako umegeuka. Nikaona wivu, mama. Mtu mzima, na neno.

Nikaenda kwa mzee Joel. Unamkumbuka, yule aliyewapikia wazungu wa mashamba ya chai upande wa Kericho miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kula yai lisilokatwa na kisu. Nilimpata nje ya duka lake hapa Litein akigombana na mtu wa boda kuhusu mahali pa kuegesha. Nilipomtajia tara, ugomvi akausahau papo hapo.

"Hilo ni la Bwana Injinia!" akasema. "Umelitoa wapi?"

Akanieleza, na unajua mzee Joel akieleza lazima akuigizie. Meneja mkubwa alikuwa mtu wa kusini ya Uingereza, yeye akiaga anasema "cheerio," kidevu juu. Mke wake alikuwa anawaambia watoto "ta-ta." Lakini injinia wa mitambo ya kiwanda alitoka hukohuko unakokaa wewe, na kila jioni akimaliza chakula anasema, "Tara a bit, Joel." Wenzake walikuwa wanamcheka mezani, ati anaongea kama mchimba makaa. Yeye akazidi kulisema kwa nguvu. Nikamwuliza mzee hiyo a bit inafanya nini hapo mwisho. Akasema ni kidogo, kama mtu akisema tunaachana kidogo tu. "Alikuwa analisema saa mbili usiku, asubuhi saa kumi na mbili yuko jikoni kwangu anadai mayai."

Moyo wangu ukashuka mahali pake. Ningeenda nyumbani saa hiyo ningelala vizuri. Lakini nikauliza tena, mimi na mdomo wangu. Nikasema, "Na siku ile alirudi kwao kabisa, alisemaje?"

Mzee akafikiri. "Siku hiyo alinishika mkono," akasema. "Hakusema kitu."

Nilitembea kutoka Litein hadi nyumbani kwa miguu, boda zote zikinipigia honi.

Baadaye nilikuuliza wewe mwenyewe, nikijifanya ninauliza kwa kupita tu. Ukafurahi kweli. Ukanieleza karibu nusu saa: kwamba mwenzako wa Liverpool hulivuta neno hilo mwishoni kama anaita mbuzi, na yule wa Wales huongeza neno nyuma yake, na kuna dada mmoja wa London anayejifanya hajawahi kulisikia. Ukasema mahali pako wenyeji ndio hao wa "tara a bit." Ukaniambia juu ya yule bibi wa chumba cha mwisho uliyekuwa ukimwogesha, aliyekuita "bab," yaani mpenzi, na kila ukimaliza zamu anasema, "Tara a bit, bab," naye hakuachii mkono hadi umwitikie. Ulisema ukimsikia unajiona umefika kazini na umefika kwa watu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa zizi nikikusikiliza. Nilikuwa na furaha yako na uchungu wangu, vyote pamoja, na sikujua nikupe kipi, kwa hivyo sikukupa chochote.

Halafu asubuhi ile ukanipigia unalia. Uliingia zamu ukakuta kitanda cha bibi kimetolewa shuka. Jana yake alikuwa amekuaga vilevile, tara a bit, na wewe ukamwitikia vilevile, ukaondoka mbio kwa sababu basi lilikuwa linakuja. Ulikuwa unasema, "Alisema kidogo, Baba Chebet, alisema kidogo." Na mimi nikasema pole. Kisha nikakuuliza kama huko kunanyesha.

Nisamehe hiyo. Nikiikumbuka huwa naongea peke yangu shambani, wachunaji wa chai wananiangalia.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu sitaki usome ukadhani uliolewa na mtu asiyejua kuaga. Mimi nilijua kuaga. Mimi nilikupata kwa kukusindikiza!

Unakumbuka kituo cha kupimia majani, wakati ule bado kina paa la nyasi upande mmoja. Ulikuja na kikapu cha mama yako, karani akayakataa majani yako, ati umechuna marefu. Ukambishia. Ulikuwa na kitambaa cha kijani kichwani na hasira kubwa. Nikaja nikakusaidia kuchambua, jani kwa jani, na karani akapokea nusu. Jioni ikabidi mtu akusindikize, si ndiyo adabu? Nikakusindikiza mpaka darajani. Hapo ukasema huwezi kuacha mtu mwema arudi peke yake, ukanisindikiza kurudi mpaka kwenye mibuluu, ile mikaratusi ya mzee Sang. Hapo mimi nikasema msichana hawezi kurudi peke yake. Tukarudi darajani. Mara ngapi? Mimi hukumbuka mara nne, wewe siku zote husema sita. Baba yako akatokea na fimbo ya ng'ombe akasimama katikati ya njia. "Nyinyi mnasindikizana ama mnapima barabara ya serikali?" Wewe ukakimbia ukaniachia kikapu. Nilikirudisha kesho yake, na kesho yake nyingine nikapitia kuuliza kama kilifika salama.

Na Kogo alikufundisha vile alinifundisha tangu niko mdogo: mtu haagwi akiwa kwenye kiti. Unainuka, unatoka naye nje, unachukua mzigo wake mmoja hata kama ni mwepesi, mnatembea mkiongea mambo ya bure mpaka mahali ambapo mnajua ni hapo. Ndipo mnasema saisere. Anayeagwa ndani ya nyumba anafanywa kama mtu wa kudai maziwa. Ulipokuwa unaenda Kericho kusomea uuguzi msaidizi, Jumatatu zote, mimi nilikuwa na begi lako. Hata ile Jumatatu ya mvua ya mawe, iliyochana chai ya watu wote ikabaki vijiti, nilikufunika na beseni la kufulia tukatembea namna hiyo hadi barabarani, mawe yanapiga beseni hata hatusikiani. Ulipanda gari, nikangoja mpaka limepita kona. Sikuwahi kuondoka kabla ya kona.

Isipokuwa siku moja. Hiyo ndiyo nataka watu wote wa grupu waisome.

Siku yako ya kwenda Uingereza tulikuwa na hema uani, kina mama wa kanisa wanaimba, mchungaji amekuja, van ya kukodi imefungwa riboni. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesema mbele ya watu wote, miezi mingi kabla, "Aende! Siku hizi si za kufungia mke nyumbani." Watu wakanisifu. Nilisifiwa mpaka nikakosa mahali pa kusema kwamba naogopa. Sikuwa nimekwambia hata wewe. Nilikuwa nakutazama ukikunja nguo kwenye sanduku, naingia, natoka, nauliza kama umeona nyundo.

Chini ya hema mjomba wako akasimama na soda yake akasema, "Baba Chebet, kuanzia leo wewe ndiye wa kufunga leso kiunoni!" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka kuliko wote. Lakini ndani, mama, niliwaka. Nikaona safari yote hiyo hadi Nairobi, ndani ya van na mjomba huyo, halafu kusimama kwenye kioo cha uwanja wa ndege nikilia mbele ya watu kama sina kwetu. Nikaona siwezi.

Wakaanza kuhesabu viti. Nikachukua kikapu.

"Chai haingoji," nikasema. "Nimechuna asubuhi, yakilala yameharibika."

Hakuna aliyebisha, na nilijua hawatabisha. Watu wetu unaweza kuwabishia kila kitu, lakini ukisema majani yatalala hata mchungaji hufupisha maombi. Wewe peke yako ndiye uliyeniangalia. "Leo pia?" ukauliza. Nikasema, "Leo pia." Ukaniwekea kola ya shati vizuri. Ukaniambia saisere palepale sebuleni, kati ya kochi na televisheni, na sikukujibu. Nilitoka nikapita nyuma ya choo ili nisipite kwa watu.

Sikiza sasa. Kikapu hakikuwa hata nusu. Na lori la kiwanda halikuwa la kuja kabla ya saa kumi, nilijua. Nilifika kituoni saa nane, nikawapata kina mama watano wameketi juu ya magunia yao wanasukana. Nikamwaga vijani vyangu mezani nikaanza kuvichambua, kimoja, kimoja, kama mtu anayetafuta sindano.

Nikasikia honi kwenye kona, na nyimbo. Wale mama wakainuka wote wakakimbilia barabarani, wanapunga leso. Na mimi nikainama. Niliingia chini ya meza ya kuchambulia, Mama Chebet, nyuma ya zile neti za majani zilizokuwa zimening'inizwa, nikajifanya naokota yaliyoanguka. Van ikaja. Nilijua itapita mbio, maana mlikuwa mmechelewa. Haikupita mbio. Ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, ikawa kama inataka kusimama. Nikasikia sauti yako kupitia dirishani, "Saisere, watu wa chai!" Ukarudia mara ya pili. Sikuinuka. Nilikuwa na majani mkononi, nikayakaza mpaka yakatoa maji. Halafu injini ikavuta, nyimbo zikaanza tena, zikaenda, nikabaki huko chini nikiangalia miguu ya watu wakirudi.

Wakarudi kwenye magunia yao. Nilitoka nikajipangusa magoti. Ni Mama Naomi tu, yule Mkisii mwenye shamba karibu na barabara ya Sotik, ndiye aliyenisogelea. Akasema polepole ili wenzake wasisikie, "Nikuambie ukweli, baba? Chai ingengoja."

Wewe ulipofika ukanipigia ukaniuliza nilikuwa wapi, hamkuniona kituoni. Nikasema nilikuwa nimeteremka shamba la chini. Mwaka mmoja na miezi minne nimekaa na shamba la chini kama jino bovu. Kila ukisema tara nalisikia. Kila nikiuliza watu neno hilo lina maana gani, ya Birmingham na ya Wales na ya wapi, nilikuwa natafuta kitu kingine. Nilitaka mtu aniambie kwamba anayeaga kwa neno dogo hawezi kuwa amekasirika sana, na kwamba mwenye kuagwa vibaya anaweza kurudi.

Hakuna aliyeniambia. Na Jumamosi ulipouliza nasemaje, nilifanya lilelile. Nilijificha tena, safari hii nyuma ya ndama. "Amua mwenyewe" ni maneno mazuri, mwanamume akiyasema anaonekana mtu wa kisasa. Mimi nilipoyasema nilikuwa nakimbia.

Basi niseme. Najua unapenda hiyo kazi. Najua umejifunza kuendesha gari kwenye theluji, na unacheka kwa sauti kuliko ulivyokuwa unacheka hapa, nami napenda kukusikia hivyo. Sikuamuru. Ukitia sahihi hutakuwa umenikosea, na nitamnyamazisha yeyote wa grupu hii atakayesema umenikosea, nikianza na mjomba. Lakini siwezi kujifanya tena mbele yako kwamba sina maoni. Nimejifunza kumsuka Chebet, mistari minne tu, yote inapinda kuelekea Kisii, na anaivaa hadi shuleni bila kulalamika kwa sababu ananihurumia. Bado nalala upande wangu wa ukutani, sijawahi kuvuka. Siku za soko nikiona kitambaa cha kijani huwa naharakisha nimwone mwenyewe kwa mbele. Nyumba ni safi, ng'ombe wako sawa, mama yangu ananipikia, na mimi sina raha hata kidogo.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nilimwita Chebet nikampa karatasi aanze kuichapa, nikaenda kukata nyasi za ng'ombe ili nisimwone akisoma. Niliporudi alikuwa bado kwenye meza, simu iko kando, hajachapa hata neno moja. Nikadhani ameona aibu. Nikamwambia, "Kama ni ya kukuaibisha, wacha, nitampa mwingine."

Akasema, "Baba, Mama alikuona."

Nikaweka nyasi chini.

Akaniambia yote, kwa sababu yeye alikuwa kwenye kiti cha mbele pamoja nawe. Alisema uliniona hata kabla van haijamaliza kona, nikiinama. Gambuti zangu za mpira zilikuwa zinaonekana chini ya neti, zote mbili. Alisema van nzima iliziona, nyimbo zikakatika, na mjomba wako akaanza kufungua mdomo. Ukageuka ukawaambia, "Baba Chebet anafunga kamba za viatu." Kisha ukamwambia dereva, "Pole pole kidogo. Mpe nafasi ainuke."

Kamba za viatu! Gambuti tangu lini zina kamba? Watu kumi na wanne ndani ya gari, wote wakulima, na hakuna aliyebisha. Chebet alisema waliangalia upande ule mwingine wote, hata mjomba. Alisema wewe hukuangalia kando. Uliangalia pale kwenye neti mpaka kituo kikaisha, na kabla ya kufika Kericho ukamwambia asiniambie kamwe, kwa sababu Baba ana haya.

Kwa hivyo barua hii yote nimewaandikia watu wanaoijua. Haidhuru. Chebet ameichapa, na hii ya mwisho nimeongeza mwenyewe kwa mkono, ataipiga picha aitume pia, nimesimama hapa kwenye meza kwa sababu kukaa nimeshindwa.

Nimeelewa sasa kwa nini Jumamosi ulinyamaza vile, maji yakitiririka, kabla hujaniuliza. Ulikuwa umepunguza mwendo tena. Na mimi nikabaki chini.

Nimeinuka, Mama Chebet. Unaniona? Ijumaa ukiwapa jibu lako, lolote, mimi nitakuwa na simu mkononi kuanzia asubuhi, na majani ya siku hiyo yalale kama yanataka kulala. Na kama ni wewe wa kuniuliza tena, usiniulize. Nimeshajibu mbele ya ukoo mzima. Nataka urudi nyumbani.

Saisere, mpenzi wangu.

Ni mimi mume wako,
Baba Chebet